Aliye Kwenye Visu

Kila mwaka kampuni yetu huifunga karakana siku nzima, tukaketi kwenye viti vya plastiki tufundishwe upya kazi tunayoifanya kila siku. Mafunzo ya kujiendeleza, ndivyo yanavyoitwa. Ukiyakosa, cheti chako kinakufa, na cheti kikifa huruhusiwi kugusa hata bolti ya mashine ya nyasi. Mimi sina ugomvi na mafunzo, nimejifunza mengi humo. Ninachokichukia ni saa ile baada ya chai, Levi anapozima taa, akaweka picha ya mkono ukutani, kisha Ami Shekuwe akainuka kwenye kiti chake cha mbele ili watu waone kwamba mkono ule ni wake.

Naitwa Priscah Kalama, fundi wa mashine za kukata nyasi. Karakana yetu iko Liwatoni, na ukifungua dirisha harufu ya samaki inaingia bila hodi. Twakata nyasi za viwanja vya mpira, za shule, za majumba ya Kizingo na za bustani kule Mama Ngina. Watu wakisikia mwanamke ni fundi wa mashine za nyasi huniuliza kama nafyeka. Sifyeki. Mashine zikifa mimi huzifufua, na aliyenifundisha kuzifufua ni Shekuwe. Kama una haraka ya kumcheka mzee yule kama wanavyomcheka wenzio, basi ngoja kwanza nimalize.

Shekuwe ni Mmvita wa Kibokoni, mtu wa Mji wa Kale tangu babu zake. Kuna mashine zetu ambazo visu vyake vimezunguka silinda, na silinda hiyo husugua kisu kimoja kilicholala chini. Ukikosea nafasi iliyopo kati yao hata kwa unywele, nyasi hazikatwi, zinang'olewa, na uwanja unakauka. Shekuwe alikuwa akikata kipande cha gazeti, anakipitisha hapo, anazungusha silinda kwa mkono polepole. Karatasi ikikatika safi, anasema "Imeswali", na mashine inatoka. Mafundi wa viwanja vya mbali walikuwa wakimpigia simu kumuuliza. Wakibishana, mmoja akasema "Shekuwe kasema hivi", ubishi uliisha. Alikuwa na jina, na jina ndilo kitu pekee alichokuwa nacho zaidi ya mkewe na bintiye Lamis.

Na alikuwa na Kimvita chake. Hakuwahi kukibadilisha kwa ajili ya mtu. Sisi wengine tunasema "acha", yeye alisema "wata". Wata maneno, shika spana. Muwate, yuwachoka. Mimi sikupata taabu, kwa sababu nimekulia Kibokoni hukohuko. Mamangu alipanga chumba pale alipokuwa akiuza viazi karai, na ingawa nyumbani tuliongea Kigiriama, kichochoroni tulicheza kwa Kimvita. Nilikwenda kanisani Jumapili na siku nyingine zote nikaambiwa "wata" na akina mama wa watu.

Kisha akaja Levi. Kijana wa Bungoma, mpole, ametoka chuoni na cheti chake kwenye bahasha ya plastiki, mkewe ana mimba. Shekuwe alimpenda mara moja kwa sababu alikuwa akisikiliza. Siku zake za mwanzo, Shekuwe yuko chini ya mashine, akamwita, "Levi, ndoo!" Yaani njoo. Levi akaenda mbio, akarudi na ndoo ya maji. Tulicheka mpaka tukaketi chini, Shekuwe mwenyewe akafuta machozi, na toka hapo kila mtu akawa anamwita Levi Ndoo. Hakuna aliyeliwaza jambo lile zaidi ya kicheko.

Mwaka uleule tukaletewa mwalimu wa mafunzo kutoka Nairobi, Oliver. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na kanuni mpya, akaiandika ubaoni kwa herufi kubwa: Aliye kwenye visu ndiye mwenye amri. Akaeleza kwamba anayeketi kwenye kiti cha mashine haoni mikono ya mwenzake iliyo chini, kwa hivyo asifanye lolote mpaka aambiwe na yule wa chini. Na akiambiwa, afanye mara moja, asibishane. Akatufanya tuirudie pamoja kama watoto wa chekechea. Tukairudia. Kuhusu kuchomoa ufunguo kabla ya mtu kuingiza mkono, alisema hilo ni somo la baada ya chakula.

Sasa sikia. Mashine tuliyokuwa tukifundishiwa ina swichi ya usalama inayozuia injini isiwake visu vikiwa vimeunganishwa. Swichi hiyo ilikuwa imekufa siku nyingi, na meneja wetu, Jeremy, alikuwa ametuamuru tuiruke kwa waya mpaka kipuri kije. Kipuri hakikuja. Nyasi za watu zilikuwa zinakua, na waya ukabaki.

Oliver akataka kuonyesha zoezi. Levi kitini, Shekuwe kwenye visu, mimi nimechutama ubavuni mwa Shekuwe nimemshikia tochi. Wakaiwasha, wakaizima. Shekuwe akaona uzi wa nailoni umejisokota kwenye silinda, akaingiza mkono wa kulia auvute. Oliver alikuwa ametupa mgongo, anaandika ubaoni. Uani kulikuwa na mtu anasaga chuma kwa mashine, kelele tupu. Levi kule juu akauliza, kwa adabu kama alivyofundishwa, "Mzee, mashine nifanyeje?"

Shekuwe akamjibu, "Iwate."

Nililisikia neno hilo kama ninavyolisikia jina langu. Iwate. Iache ilivyo. Levi akasikia "Iwashe", na kwa kuwa aliye kwenye visu ndiye mwenye amri, akageuza ufunguo bila kubishana.

Yaliyofuata nitayapunguza. Shekuwe hakupiga ukelele. Alisema "Yallah" kwa sauti ya chini, kisha akaketi kitako. Nilivua ovaroli nikaufunga mkono, nikaendelea kuufunga, na kila nilipozungusha kitambaa nilikuwa natafuta vidole ndani yake na sivipati. Kilibaki gumba. Levi alishuka, akaona, akatapika kwenye tairi. Halafu akaanza kutuzunguka mmojammoja akituuliza, "Si amesema iwashe? Si mlisikia, amesema iwashe?" Oliver akasema yeye alikuwa ametazama ubao.

Baada ya juma au zaidi kidogo tukaitwa ofisini kwa Jeremy. Alikuwapo yeye, Oliver na bwana mmoja wa bima. Tuliingia mmojammoja. Walinieleza kwamba mambo ni mawili tu. Ama Levi aliwasha bila kuamriwa, na hapo kazi hana, na polisi wanamngoja kwa kumlemaza mtu. Ama Shekuwe aliamuru mwenyewe, na hapo amejiumiza mwenyewe, kampuni haihusiki.

"Na ule waya?" nikauliza.

"Waya gani?" Jeremy akasema. Nilikwenda kutazama baadaye. Swichi mpya inang'aa.

Nikawaambia nilichosikia. Nikawaambia kijana hakuvunja kanuni na mzee hakutoa amri ya kijinga, ni neno tu limepotea kati yao. Jeremy akaniuliza neno lenyewe. "Iwate," nikasema. "Ni kuacha, kwa Kimvita." Akamgeukia Oliver, akamuuliza kama kuna neno kama hilo katika Kiswahili. Oliver akasema yeye mtihani wa Kiswahili alipasi vizuri sana na hajapata kulisikia. Jamani. Mtu yuko kisiwani Mombasa, akitoka nje hatua chache atalisikia kwa muuza kahawa, anakaa kwenye kiti cha kuzunguka ananiambia halipo.

Yule wa bima alikuwa na akili zaidi. Akasema, "Hata kama lipo. Ikiwa mzee alisema iache, basi kijana aliwasha bila amri."

Nikasema hakuna mkosa hapo. Akasema lazima awepo. Nilitoka mle nikiwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nimeingia kumsafisha Shekuwe na nikagundua ninamfunga Levi.

Shekuwe aliitwa wa mwisho, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Lamis alimleta, na tulipokuwa tukingoja kibarazani akaninong'oneza kwamba jana yake Levi alifika nyumbani kwao Kibokoni na mkewe na kitoto kichanga. Hakusema mengi. Alikaa chini mlangoni akalia, mkewe akalia, mtoto naye akalia, na babake akawatazama wote watatu. Walipoondoka hakula.

Mlango wa ofisi haukufungwa sawasawa, tukaona na kusikia. Jeremy akamuuliza, "Mzee, ulimwambia nini Levi?"

"Nilimwambia aiwashe."

"Unaweza kuapa?"

Wakamletea msahafu. Mkono wa kulia ulikuwa haufai kuwekwa popote, basi akauweka wa kushoto. Lamis alifumba macho alipoona hivyo. "Wallahi," akasema Shekuwe, "nilimwambia aiwashe."

Nilimfuata barabarani. Nilimpita Lamis, nikamzuia njia mzee mzima mbele ya watu, nikamwambia, "Ami, umefanya nini? Mimi nilikuwepo. Umeapa uongo."

"Punguza sauti, mwanangu."

"Sipunguzi. Watakuandika kwamba wewe ndiye uliyejikata. Wewe, Shekuwe."

Akanitazama kwa utulivu ulionikera. "Vidole vishakwenda," akasema. "Nikimtoa kijana kazini, nikamtia ndani, vitarudi? Yuna mtoto mchanga. Mtu hakunikosea, alifuata alivyofunzwa. Na hicho kiapo, Mungu nitazungumza naye mwenyewe. Wewe usikibebe."

"Angalau Levi ajue."

"Asijue. Akijua kwamba aliwasha mashine nami nimemwambia aiwate, mkono wake hautashika ufunguo tena umri wake wote. Watu watalisema siku mbili, kisha watasahau."

Hawakusahau. Hapo ndipo Shekuwe alipokosea hesabu, na mimi sikumwambia kwa sababu nami sikujua. Kampuni ilimuaga kwa kumshukuru na kumpa saa ya ukutani. Fidia hakupewa, maana alijiumiza mwenyewe kwa kiapo chake. Hayo angeyavumilia. Lakini kule viwanjani mafundi walipata hadithi tamu ya kupigia soga: yule bingwa wa gazeti, yule aliyekuwa akitusahihisha sote, aliingiza mkono kwenye visu akaamuru mashine iwashwe. Jina lake likageuka. Fundi akisahau kufunga kizibo cha oili, mwenzake anamwambia, "Usinifanyie Shekuwe hapa." Akiunganisha nyaya kinyume, "Huyu naye Shekuwe." Leo nakutana na vijana ambao hawajui kama Shekuwe ni mtu. Wanadhani ni neno la kazi, kama spana.

Lamis aliniambia babake aliacha kukaa barazani na wenzake. Anakwenda msikitini, anarudi, anajifungia. Niliwahi kumkuta amekaa na mkasi kwa mkono wa kushoto, anakata gazeti vipandevipande, na hakuna mashine.

Levi naye alisonga. Oliver alimpenda, akampeleka kozi moja, kisha nyingine, na mimi sisemi kwamba hakustahili. Alisoma kwa bidii ya mtu anayekimbizwa. Akapata vyeti vya juu, na Oliver alipoondoka, Levi ndiye akawa mwalimu wetu wa mafunzo. Na kwa moyo safi kabisa, nakuapia kwa moyo safi, akamwendea Shekuwe nyumbani akamwomba awe anakuja kila mwaka kuwaonyesha vijana mkono, ili lisimpate mwingine. Shekuwe akakubali. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kijana kaniomba kwa adabu."

Basi mwaka huu tena. Chai imekwisha, taa zimezimwa, picha iko ukutani kubwa kuliko mlango. Levi anasema maneno yale anayoyasema kila mwaka, kwamba fundi akizoea kazi sana huacha kuiogopa. "Mimi nilikuwa kitini," anasema. "Nikamuuliza nifanye nini, akaniambia niiwashe. Nilifuata amri. Aliye kwenye visu ndiye mwenye amri, kwa hivyo aliye kwenye visu lazima awe na akili zake zote." Shekuwe akainuka, akainua mkono wenye gumba moja, akaugeuza upande huu na huu.

Binti mmoja mgeni, Sheryl, akanyoosha mkono akauliza bila ubaya, "Mzee, kwani ulikuwa unafikiria nini?"

Nyuma wageni wenzake wakacheka. Mmoja akanong'ona, "Alikuwa anafanya Shekuwe," wakazidi kucheka, hawakujua kwamba aliyesimama mbele yao ndiye mwenye jina.

"Nilisahau, binti yangu," Shekuwe akajibu. "Utu uzima."

Mimi nina hasira, sijakuficha tangu mwanzo. Nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Hakusahau. Hakusema iwashe. Alisema iwate, na iwate ni iache, na nilikuwa pale nimemshikia tochi nikasikia kwa masikio yangu. Huyu ndiye fundi bora niliyewahi kumwona, na aliapa uongo ili..."

Nikamtazama Levi nikakwama. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na nikaona kwamba mzee alisema kweli kuhusu mkono ule.

Chumba kizima kikageuka kumtazama Shekuwe. Ilikuwa zamu yake. Angeitikia kwa kichwa tu, jina lake lingerudi, pale pale, mbele ya karakana nzima. Nilimwomba kwa macho. Nilimwomba, wallahi, mimi Mkristo.

"Priscah alikuwa mbali," Shekuwe akasema. "Hakusikia."

"Ami, nilikuwa nimekushikia tochi."

"Tochi alishika mtu mwengine. Keti, mwanangu. Wawate wasome."

Hakuna aliyelishika neno lile. Hata Levi. Alivuta pumzi, rangi ikamrudia, akaniambia kwa upole kwamba ananielewa, kwamba sote tulimpenda mzee na si rahisi kukubali. Wengine wakanitikisia vichwa kwa huruma. Nikaketi. Sikuwa na pengine pa kwenda, na cheti changu hutiwa sahihi jioni.

Wakati wa chakula nilimpakulia Shekuwe pilau, nikamfungia kijiko kwenye kiganja kwa mpira, kwa sababu hali kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Alikula vijiko vichache akaweka sahani pembeni.

Levi akaja. Alivuta kigoda, akakaa chini ya usawa wa mzee kama anavyokaa mtoto mwenye heshima, akaishika ile nusu ya mkono kwa mikono yake miwili. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mzee," akasema, "kuna jambo sijawahi kukuambia, na leo Priscah amelichokoza. Miaka yote hii nilikuwa na kinyongo nawe. Uliponiamuru niwashe, ulinifanya mimi nikukate. Nalala nasikia ile sauti. Mke wangu anajua. Nilikuwa nikikualika hapa na moyoni nakulaumu. Nataka ujue kwamba nimekusamehe."

Nilimtazama Shekuwe. Gumba lile lilitikisika kidogo ndani ya mikono ya Levi, kisha likatulia.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akulipe kheri."